Korongo Haikuwa Manowari: Kusoma Picha Kongwe za Viwanja vya Ndege vya Vita

Picha yenyewe ni ndogo, haishindi kiganja cha mkono. Wanaume saba wamejipanga mbele ya ndege yenye mabawa mawili, moja juu na moja chini. Nyuma yao kuna banda kubwa la mabati, milango yake imefunguliwa kwa kusukumwa kando. Ukiigeuza utakuta maandishi ya penseli yaliyofifia: H.M.S. Korongo, 1943.

Mwenye picha ni bibi wa miaka themanini na ushei, mzaliwa wa Mombasa, ambaye ndoa ilimpeleka Nairobi akiwa msichana. Alikaa Makina, Kibera, kwa miaka mingi, na sasa anaishi kwa mwanawe Kongo, kule Kawangware. Wa tatu kutoka kushoto katika picha ni babake. Alitoka nyumbani wakati wa vita vya Hitler, akatuma picha hiyo, kisha hakurudi. Na kwa kuwa kila mtu wa Pwani ajua kwamba HMS ni manowari ya Mwingereza, jamaa walikata shauri: mzee alizama na meli yake. Wakamsalia swala ya ghaibu, wakagawa kilichokuwa cha kugawa, na hakuna aliyetafuta kaburi kwa sababu bahari haina kaburi.

Mwaka huu kijana mmoja wa ukoo aliiweka picha katika kundi la simu la wapenzi wa historia, na maelezo haya: "Wanamaji wetu, Port Reitz, Mombasa." Watu wakaisambaza. Nami nikaipata kwa njia hiyo, nikaitazama, na kitu cha kwanza kilichonishtua si ndege wala watu. Ni vilima vilivyo nyuma ya banda. Mombasa hatuna vilima kama vile.

Nitaeleza hapa jinsi picha za namna hii zinavyochunguzwa, kwa sababu najua majumba mengi ya Pwani, kutoka Lamu hadi Vanga, yana bahasha au mkebe wa biskuti uliojaa picha za wazee waliovaa kaki. Wazee wenyewe wametutoka. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1942 leo angekuwa amepita mia. Picha ndizo zilizobaki, na nyingi zina maelezo ya uongo yaliyoandikwa na watu wakweli.

Kwanza jina hilo, Korongo. Jeshi la maji la Uingereza lilikuwa na desturi ya kuviita vituo vyake vya nchi kavu kwa majina ya meli. Kituo cha ndege, hata kikiwa maili mia tatu kutoka baharini, kilipewa HMS yake, na mara nyingi jina la ndege wa angani. Vita vilipofika kwetu, vituo vya Afrika Mashariki vikapewa majina ya Kiswahili. Kipanga kilikuwa Kilindini. Kilele kilikuwa Tanga. Na Korongo kilikuwa Nairobi, karakana ya jeshi la maji ya kutengeneza ndege zilizoharibika. Kwa hivyo HMS Korongo haikuelea hata siku moja. Ilikuwa nchi kavu, katika mji huohuo ambamo binti wa yule mzee ameishi zaidi ya miaka hamsini.

Ni rahisi kucheka kosa hilo, lakini hata wasomi hulifanya wakikuta jina kwenye orodha bila maelezo. Ukiona HMS kwenye cheti, barua au picha ya mzee wako, usikimbilie baharini. Tazama kwanza kama jina hilo ni la meli au la kituo.

Sasa kwa nini jeshi la maji liwe na ndege Nairobi? Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na majeshi yake yalikuwa mpakani mwetu, Somalia na Ethiopia. Mwezi huohuo ndege za Afrika Kusini zilizokuwa Kenya zikaanza kushambulia upande wa Moyale, na Waitalia nao wakaupiga Wajir. Oktoba mwaka huo mabomu yao yakaanguka Malindi. Kampeni hiyo ilipokwisha mwaka 1941, watu walidhani vita vimetuacha. Lakini Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Ceylon, na Uingereza ikaondoa sehemu kubwa ya manowari zake za Bahari ya Hindi ikazileta Kilindini. Pamoja nazo zikaja manowari za kubeba ndege. Meli ya namna hiyo ikifika bandarini ndege zake hazina pa kurukia, hivyo hushushwa nchi kavu. Zikatawanywa Port Reitz, Mackinnon Road, Tanga na kwingineko. Zilizovunjika zilihitaji mafundi, nafasi na reli. Nairobi ilikuwa na vyote hivyo, na haikuwa ufukweni ambako adui angeweza kuifikia kwa urahisi.

Hapo ndipo ugumu wa mtafutaji unapoanza, maana viwanja vilikuwa vingi na vyote vina picha zinazofanana.

Nairobi kulikuwa na viwili vinavyochanganywa sana. Cha kwanza ni Nairobi West, ambacho leo ni Wilson, ng'ambo ya Barabara ya Lang'ata ukitoka Kibera. Kilitumiwa na kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa na bibi Florence Kerr Wilson mwaka 1929. Vita vilipoanza mwaka 1939, ndege na marubani wa kampuni hiyo walichukuliwa kuwa kikosi cha akiba cha serikali ya Kenya, na kampuni ikafa hivyo. Uwanja ulipewa jina la bibi huyo mwaka 1962. Cha pili ni Eastleigh, uwanja wa jeshi la anga uliotumika pia na ndege za abiria baada ya vita, mpaka Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958. Leo ndio Moi Air Base. Watu wa Nairobi wakisema "uwanja wa zamani" huwezi kujua wanamaanisha upi, uliza.

Pwani, Port Reitz ndio uwanja uliokuja kuwa Moi International, na Kipevu palikuwa makao ya ndege za kutua majini, zile Catalina kubwa zilizokuwa zikiwinda nyambizi. Picha ya ndege iliyotia nanga majini huku minazi ikionekana ufukweni yaweza kuwa Kipevu, lakini yaweza pia kuwa Dar es Salaam. Msiharakie.

Kisha kuna vita vya kwanza, ambavyo wengi huvisahau kabisa linapokuja suala la ndege. Mwaka 1915 ndege za Waingereza ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia kuongoza mizinga iliyoizamisha manowari ya Kijerumani Königsberg katika mto Rufiji, tarehe 11 Julai. Huko Taita Taveta kulikuwa na viwanja Maktau na Mbuyuni. Picha za mahali hapo zipo, na nimeziona zikipewa maelezo ya vita vya pili.

Haya, tuishike picha mkononi.

Anza na kilicho mbali. Watu, magari na hata mabanda huhama, lakini vilima havihami. Milima ya Ngong, ukiitazama kutoka Nairobi, iko upande wa kusini-magharibi na vilele vyake vimepangana kama vifundo vya ngumi iliyofumbwa. Shimba Hills, ukizitazama kutoka upande wa Port Reitz, ni mgongo mrefu ulionyooka kama meza. Mtu aliyewahi kuona vyote viwili hawezi kuvichanganya. Vilevile miti. Mnazi na mbuyu ni mashahidi wa Pwani na nyika yake. Nairobi hutaviona. Ukiona uwanda wa nyasi na migunga, bado waweza kuwa Voi, Nairobi au Wajir, kwa hiyo rudi kwenye vilima.

Kwa picha za Wilson na Kibera kuna alama nyingine nzuri. Bwawa la Nairobi, lile lililoko chini ya Kibera, lilijengwa mwaka 1953. Picha ya angani inayoonyesha bonde hilo bila bwawa ni ya kabla ya mwaka huo. Inayoonyesha bwawa haiwezi kuwa ya vita, hata aliyeandika maelezo aape.

Kivuli nacho kina elimu yake, na sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna bahati ambayo mchunguzi wa Ulaya hana. Kwao kivuli cha adhuhuri huangukia kaskazini mwaka mzima. Nairobi, kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri huwa kaskazini na kivuli huangukia kusini. Miezi iliyobaki ni kinyume chake. Mombasa ni hivyohivyo, ila kwa kuwa tuko kusini kidogo zaidi, mpaka unasogea: mapema Machi na mapema Oktoba. Waislamu tuliofundishwa kupima kivuli kwa ajili ya adhuhuri na alasiri hili si geni kwetu. Kama vilima vimekuonyesha upi ni kusini-magharibi, na kivuli ni kifupi, yaani ni karibu na mchana, basi utajua nusu gani ya mwaka picha ilipigwa. Si tarehe kamili, lakini inatosha kukanusha tarehe ya uongo.

Kabla ya hayo yote hakikisha picha haikugeuzwa kulia kuwa kushoto. Zamani nigativu ikiwekwa vibaya picha hutoka kinyume. Tafuta maandishi yoyote, hata namba kwenye ndege. Pasipo maandishi, tazama vifungo vya mashati ya wanaume. Ikiwa wote saba wamefunga upande wa kike, picha ndiyo iliyopinduka.

Sasa mabanda. Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kudhani banda ni banda tu. La zamani zaidi ambalo waweza kukutana nalo ni Bessonneau, la Kifaransa, kiunzi cha mbao kilichofunikwa turubali, la vita vya kwanza. Ukitazama vizuri utaona kitambaa kimelegea au kamba zimevutwa kando. La pili ni Bellman, lililobuniwa Uingereza mwaka 1936, la chuma na mabati, upana wake karibu mita 29. Paa lake lina mteremko mdogo wa pande mbili, na vyuma vinavyolibeba ukiwa ndani vinaonekana vimepangwa kama herufi ya W inayojirudia. Milango yake ni vipande virefu vinavyoteleza juu ya reli, na reli hizo hutokeza nje ya ukuta ili milango iliyofunguliwa ipate pa kukaa. Sehemu hizo zinazotokeza kama masikio huonekana hata kwenye picha mbovu. La tatu ni Blister, lililokuja mwanzoni mwa vita vya pili: upinde mtupu usio na ukuta wa kusimama, kama nusu ya pipa lililolazwa.

Faida ya kujua aina ni kwamba banda linaweka mpaka wa chini wa tarehe. Bellman haliwezi kuwa picha ya Mbuyuni ya mwaka 1916. Lakini pana mtego. Bellman lilibuniwa makusudi liweze kufunguliwa na kuhamishwa. Kwa hiyo banda unaloliona limesimama leo kwenye uwanja fulani si lazima liwe lilikuwa hapo wakati wa vita, na kutokuwepo kwake leo hakuthibitishi kitu. Nimeona mtu akipiga picha banda la sasa, akaliweka kando ya picha ya zamani na kutangaza kwamba ameshinda. Lililofanana ni aina ya banda. Mahali hapakuthibitishwa.

Ndege pia hudanganya. Kosa nililoliona mara nyingi ni hili: mabawa mawili, basi vita vya kwanza. Si hivyo. Afrika Kusini ilileta Kenya ndege za Hartbees mwaka 1940, zenye mabawa mawili. Jeshi la maji la Uingereza liliendelea na Swordfish na Albacore, nazo ni mabawa mawili, hata baada ya 1942. Ndege iliyo katika picha ya yule bibi ni ya jamii hiyo. Kosa jingine ni kuona ndege ya Kijerumani na kudhani picha ni ya Ujerumani. Shirika la ndege la Afrika Kusini lilinunua Junkers Ju 86 kwa ajili ya abiria kabla ya vita. Vita vilipokuja zikafungwa mabomu na kupelekwa Nairobi. Ndizo zilizoruka kuelekea Moyale.

Tazama duara lililochorwa ubavuni. La Uingereza lilikuwa na nyekundu katikati. Afrika Kusini waliweka rangi ya chungwa mahali pa nyekundu. Katika picha nyeusi na nyeupe tofauti hiyo ni ngumu kuiona, na filamu za zamani zilikuwa na tabia ya kuigeuza njano na nyekundu kuwa karibu nyeusi, kwa hiyo usitegemee rangi peke yake. Lakini kuanzia katikati ya 1942 pete nyeupe na ya njano katika duara la Uingereza zilifanywa nyembamba. Ukiona pete hizo nyembamba, maelezo yanayosema 1940 yafute. Na kwenye ndege za upande wa Bahari ya Hindi, kuanzia 1943 nyekundu iliondolewa ili isifanane na jua la Wajapani.

Namba ya ndege, kama inasomeka, ni hazina. Za Uingereza zilikuwa herufi moja na tarakimu nne mpaka mwaka 1940, kisha zikawa herufi mbili na tarakimu tatu. Ndege za kiraia za Kenya zilianza na VP-K mpaka uhuru ulipoleta 5Y. Kwa namba kamili waweza kufuatilia ndege moja tangu kiwandani hadi ilipoanguka.

Kisha geuza picha. Watu huweka upande wa mbele tu kwenye mtandao, na upande wa nyuma ndio wenye ushahidi. Muhuri wa studio, alama ya karatasi kama Velox ya Kodak, muhuri wa mkaguzi wa barua, gundi ya albamu, mwandiko. Maandishi ya penseli hayana budi kuheshimiwa lakini yaulizwe: yaliandikwa siku ile au miaka thelathini baadaye? Na binti au mkewe? Kwa picha ya Korongo, maandishi yalikuwa ya kweli. Waliyoyasoma ndio walioongeza meli.

Unapoinakili, piga pande zote mbili, tumia mashine ya kuskani kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi, na usiitume kwenye WhatsApp kama picha ya kawaida kwa sababu huminywa na maelezo madogo hupotea. Itume kama faili. Usiing'oe kwenye albamu, usiifute kwa maji, na usiandike kwa kalamu ya wino nyuma yake. Nyumba za Kibera na Kawangware zinashika moto, na za kwetu zina chumvi na mchwa. Nakala iwe katika nyumba mbili tofauti.

Baada ya picha ni nyaraka. Nairobi, Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa iko Moi Avenue, katika jengo lililokuwa la Bank of India, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kwenye chumba cha kusomea akishajiandikisha. Survey of Kenya, Ruaraka kwenye barabara ya Thika, ndio wenye ramani na picha za angani. Baada ya vita, kikosi namba 82 cha jeshi la anga la Uingereza kilipiga Afrika Mashariki picha kutoka juu kwa ajili ya kutengeneza ramani, kikitumia ndege za Lancaster, na Eastleigh ikiwa moja ya vituo vyake. Hizo si picha za vita, lakini zinaonyesha viwanja kabla havijabadilishwa, na mabanda yanahesabika moja moja. Wazee wa Kinubi wa Kibera wanazijua thamani picha za aina hii, kwa kuwa kwao si mapambo. Eneo lao lilitengwa kuwa ardhi ya jeshi mwaka 1918, na wakangoja hati ya jumuiya mpaka Juni 2017, walipopewa ya ekari 288. Picha peke yake haikupi ardhi, na anayekwambia hivyo anakuuzia nakala. Lakini inaonyesha nani alikuwa wapi.

Uingereza, Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew ina shajara za vikosi vya anga katika fungu la AIR 27 na za vituo katika AIR 28, zinazoeleza siku kwa siku ndege gani iliruka na nani alikufa. Fungu la CO 1069 ni picha za wizara ya makoloni, na nyingi zinatazamika bure mtandaoni. Imperial War Museum ina picha rasmi: namba zinazoanza na A ni za jeshi la maji, CM ni za jeshi la anga upande wa Mashariki ya Kati na Afrika. Kwa mambo ya ndege za jeshi la maji kuna makumbusho yao Yeovilton, Somerset. Kwa vikosi vya Afrika Kusini, andika Pretoria, kwenye kituo cha nyaraka cha jeshi lao. Barua fupi yenye nakala safi ya picha hujibiwa mapema kuliko barua ndefu yenye kisa kizima. Hilo nimelijua kwa gharama ya stempu zangu.

Tahadhari moja. Msiende kwenye uzio wa Moi Air Base wala uwanja wowote wa ndege na kamera mkilinganisha mabanda. Ni maeneo yanayolindwa kisheria, na mlinzi hana haja ya kusikia habari za Bellman. Andikeni barua kuomba ruhusa, au tumieni picha za setilaiti mkiwa nyumbani.

Kuna jambo linaloniuma katika nyaraka zote hizi. Rubani mzungu akisimama kando ya ndege, chini yake utasoma cheo, jina na mji wake. Watu wetu waliosukuma ndege hiyo, walioijaza mafuta na kuufyeka uwanja, wameandikwa "wenyeji" au hawakuandikwa. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita, CWGC, ilikiri katika ripoti yake kwamba katika vita vya kwanza watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Vita vya pili viliandikwa vizuri zaidi, lakini si kwa kila mtu. Askari wa KAR alikuwa na namba. Wa kikosi cha kazi, East African Military Labour Service, alikuwa na namba. Kibarua wa kiraia kwenye karakana alikuwa na kipande cha kazi tu, na kipande kilipotea pamoja naye.

Ndiyo maana mavazi katika picha yanahitaji macho ya pole. Kofia, beji, mkanda, viatu. Katika wale saba, wanne wana mikanda ya kijeshi inayofanana. Wawili wamevaa ovaroli zisizo na alama yoyote. Babake bibi, wa tatu kutoka kushoto, amevaa kaptura na shati la kaki, mkanda upo, na begani kuna kitu ambacho baada ya kuskani upya tumekiona ni kipande cha chuma cha jina la kikosi. Herufi hazisomeki bado. Lakini inaelekea alikuwa askari, na askari aliyekufa kazini ana uwezekano wa kuwa katika orodha.

Orodha ya CWGC inatafutika bure kwenye mtandao wao. Shida ni tahajia. Karani wa Kiingereza alikuwa akiandika alichosikia. Salim ni Selim, Salimu, Salum. Mwinyi ni Mwini, Munyi. "Bin" mara ipo, mara imeunganishwa na jina, mara imeachwa. Tumeandika namna kumi na moja za jina la mzee huyo na tumefika ya saba.

Jumamosi iliyopita mjukuu wake alimchukua bibi, wakapanda matatu kutoka Kongo mpaka Dagoretti Corner, wakabadilisha kuelekea Makaburi ya Vita ya Nairobi, yaliyoko Ngong Road. Ndani yake kuna pia ukuta wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, wenye majina ya wasiokuwa na kaburi linalojulikana. Mjukuu alisoma majina kwa sauti, safu kwa safu, na bibi akasikiliza akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki alichokuja nacho. Hawakulipata siku hiyo. Zilibaki safu kadhaa na mvua ikaanza.

Barua ya Yeovilton imeshatumwa, ikiwa na nakala ya pande zote mbili. Aliye na picha nyingine yoyote yenye jina Korongo, Kipanga au Kilele, ya mbele au ya nyuma, naomba aniletee nakala. Hasa kama ndani yake kuna vilima, au wanaume hawa saba.